Cuthbert Raine, Mtu wa Tatu wa Ukumbi wa Hollin Law

Mchungaji, majirani wa Hollin Law, wanachama wa chama cha wakuza liki, madereva wa zamani wa dampo mliokuja na suti zenu za misiba, na ninyi nyote mliokatisha shughuli zenu Jumatano hii kuja kumsindikiza mzee wetu, nasimama mbele yenu kwa niaba ya familia, na familia yenyewe msiitafute sana kwa macho, kwa maana ni mimi hapa, Lorna Hindmarsh, mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake Edith, pamoja na binamu mmoja wa marehemu aliyeko Kanada ambaye ametuma maua na salamu. Mchungaji amenipa dakika kumi, nami nimemwambia wazi kwamba nitazipita, kwa sababu mtu aliyenyamaza miaka kumi na sita anastahili kusemewa kwa kirefu japo mara moja.

Marehemu Cuthbert Raine alizaliwa tarehe 14 Machi 1938, Mtaa wa Kanisani, hapa hapa Hollin Law, jimbo la Durham, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Thomas Raine, mchimba makaa, na mama Annie, ambao wote wawili wametangulia mbele za haki, kama alivyotangulia pia mama yangu Edith, aliyekuwa akisema kwamba mdogo wake alizaliwa na uso wa mtu anayesubiri kuona kama umefunga mlango vizuri. Alibatizwa mwezi Mei mwaka huo huo katika kanisa la Kimethodisti la mtaani kwao, jengo ambalo siku hizi limegeuzwa nyumba za kupangisha, na ndiyo maana ibada yetu ya leo tunaifanyia humu ukumbini.

Alianza masomo mwaka 1943 katika shule ya msingi ya kijiji, akaendelea na sekondari kule bondeni kuanzia 1949 hadi 1953, akitembea kwenda na kurudi pamoja na jirani yake na rafiki yake wa tangu utotoni, Bwana Ralph Coatsworth, ambaye mnamwona ameketi safu ya mbele. Hakuwa mwerevu wa kutisha wala hakuwa mjinga, alikuwa mwanafunzi wa katikati ambaye daftari lake halina doa, na Ralph ameniambia kwamba alinakili hesabu za marehemu miaka minne mfululizo, na kila asubuhi marehemu alimkatalia kwanza, akamhubiria, kisha akageukia dirishani ili asishuhudie.

Nije kwenye kazi. Akiwa na umri wa miaka kumi na mitano, mwaka 1953, aliteremka mgodini, yeye na Ralph siku moja, na huko chini alikaa hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1968, akitoka na vumbi kifuani ambalo halikuwahi kumwacha. Kuanzia hapo alifanya kazi kwenye machimbo ya mawe ya chokaa hapo juu kilimani, na mawe yalipokwisha na lile shimo kubwa likageuzwa dampo mwaka 1979, yeye alibaki, akapewa kibanda cha mizani langoni, ambako kila lori lililoingia lilipimwa likiwa limejaa na kupimwa tena likitoka tupu, na tofauti yake ndiyo iliyokuwa taka. Alikaa kwenye kibanda kile hadi alipostaafu Machi 2003. Madereva waliopo hapa watanisahihisha, lakini nimesikia kwamba hakupokea chupa ya pombe ya Krismasi hata moja katika miaka yote hiyo, kwamba walimpachika jina la Bwana Mizani, na kwamba siku meneja mwenyewe alipokuja na trela lake la matawi ya bustanini akitaka kupita tu, marehemu alimwomba kwa adabu arudi nyuma, apande mizani kama wengine.

Nje ya kazi alikuwa mwanachama wa chama cha liki, ile mboga ya jamii ya kitunguu ambayo huku tunaishindanisha kwa unene, tangu 1961, na kwa miaka mingi mtunza saa wa mashindano, yule anayefunga mlango wa kupokea liki ifikapo saa sita mchana. Kisa cha mwaka 1987 mnakijua, ila nakisema kwa ajili ya wageni, kwa kuwa bila hicho hayatawaingia yanayofuata. Mwaka huo marehemu alikuwa na liki mbili nene kuliko mkono wa mhunzi, kila mtu alijua kikombe ni chake, akaenda nyumbani kuzileta, akakuta mbwa wa jirani kakojoa kwenye kapu, ikambidi azioshe upya moja moja, na alipofika mlangoni saa sita ilikuwa imepita kidogo. Ralph alimwambia, "Ingiza bwana Cuth, nani anaangalia?" Marehemu akamjibu, "Mimi naangalia," akafunga mlango, na jioni ile liki zile wakazila kwa supu.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 1 Septemba 1962 na Bi Norah Tallentire, mpishi wa shule ya msingi, aliyekutana naye kwenye dansi ya Jumamosi ndani ya ukumbi huu, na kila aliyewajua atakubaliana nami kwamba ile ndoa ilikuwa na ulimi mmoja kwa watu wawili, na ulimi huo ulikuwa wa Norah, ambaye mimi nilimwita shangazi. Yeye ndiye aliyealika watu, yeye ndiye aliyejua nani kajifungua na nani kafukuzwa kazi, na mjomba alikaa kando akitabasamu, akimimina chai, akionekana mtu wa watu kwa sababu tu alikuwa mume wa Norah. Walijaliwa mtoto mmoja, binti, Alison, aliyezaliwa tarehe 9 Februari 1967 na kufariki tarehe 18 ya mwezi huo huo, na baada yake hawakujaliwa tena. Meza yao ya jikoni ilikuwa na viti vinne, na shangazi alihakikisha kila siku ya Mungu kuna makalio ya mtu juu ya viti viwili vilivyobaki, awe jirani, awe fundi bomba, awe mtoto wa watu aliyepita kuomba maji.

Sasa nafika kwenye ukumbi. Mnakumbuka kwamba mwaka 2001 paa la jengo hili lilianza kubonyea, halmashauri ikalifunga, na kijiji ambacho kilikuwa kimekwisha kupoteza mgodi, kanisa na duka kikabaki hakina hata mahali pa kugombania. Mwaka 2005 kamati ikaomba msaada wa kodi ya taka. Kwa wageni ambao taka zao huondoka na gari la Jumanne na habari ikaishia hapo, nieleze kidogo: serikali hutoza kodi kwa kila tani inayofukiwa ardhini, na sheria inamruhusu mwenye dampo, badala ya kuipeleka kodi yote hazina, atoe sehemu yake ndogo kwa wanaoishi karibu na dampo, wale wanaofunga madirisha mwezi Julai joto linapoamsha harufu, wakapande miti, wakaokoe bwawa la ndege, au wakaezeke ukumbi unaovuja. Ila serikali haimfidii mwenye dampo yote aliyoyatoa, humwachia pengo dogo, na pengo hilo huzibwa na mtu mwingine kabisa, ambaye si mwenye dampo wala si mwenye ukumbi, naye ndiye huitwa mtu wa tatu, na sharti lake ni kwamba akishatoa, asijitafutie faida katika kile alichokitolea.

Kamati ilikubaliwa, ikatafuta mtu wa tatu, ikamkosa, kisha siku moja ikaambiwa na ofisi ya mfuko unaogawa fedha hizo kwamba amepatikana na hataki kutajwa, na kijiji kikaamini kwamba ni kampuni fulani ya mjini inayosutwa na dhamiri yake. Ndugu zangu, haikuwa kampuni. Ilikuwa kiinua mgongo cha shangazi Norah, alichopewa baada ya miaka thelathini na moja ya kuwapikia watoto wenu viazi vya kuponda, na aliyekipeleka kwa jina lake mwenyewe ni marehemu huyu aliyelala mbele yetu.

Shangazi wakati huo alikuwa na saratani ya kongosho na alijua hatauona ukumbi ukifunguliwa. Nilikuwepo chumbani, nikimbadilishia mto, aliposema na mjomba. Alimwambia, "Cuth, mimi nikiondoka usije ukala peke yako. Mtu akila peke yake, mwisho huanza kuongea na sahani. Ule ukumbi ukifufuka utakuwa na pa kukaa, hutahitaji mtu wa kukualika." Alimtaka pia asimwambie mtu, kwa sababu hakutaka watu waje kumshukuru wakati hana nguvu za kuwanyamazisha. Hiyo ndiyo ilikuwa nia ya zawadi ile, nairudia ili isipotee, haikuwa paa wala sakafu, ilikuwa mume wake apate mahali pa kula na watu. Bi Norah Raine alifariki tarehe 2 Novemba 2006.

Yaliyotokea katikati niliyajua baadaye sana. Mama mmoja wa ofisi ya mfuko alikuja kwa marehemu kukamilisha mambo, mtu mwema, akimfanyia kazi yake inavyotakiwa, akamweleza sharti la mtu wa tatu, na kwa kuwa alikuwa anaongea na mzee akataka kuhakikisha ameelewa, akamwambia, "Mzee, ukishatoa, wewe hupati kitu chochote kwenye ukumbi huo. Umenielewa?" Mjomba akasema ameelewa. Mama akasema, "Hata kidogo." Mjomba naye akasema, "Hata kidogo." Mtu mwingine angeyasikia maneno hayo kama sote tunavyosikia maneno ya ofisini, yakaingia sikio hili yakatokea lile. Marehemu aliyapokea kama alivyolipokea lori langoni, kwa uzito wake wote.

Ukumbi ulifunguliwa Jumamosi, tarehe 12 Mei 2007, bendi ya matarumbeta ikapiga, bendera ya mgodi ikapitishwa, na marehemu akasimama ng'ambo ya barabara na kofia yake mkononi mpaka mlango ulipofungwa, kisha akaenda nyumbani. Wengi mlimwona. Mlisema ni majonzi, na mwaka wa kwanza mlikuwa na haki ya kusema hivyo. Chakula cha Jumatano kilianza mwezi uleule, chini ya Bi Thelma Pallister, supu na mkate na maharage ya kuponda, na marehemu hakuja. Mashindano ya liki yalihamia humu, naye akaachia utunza saa bila kutoa sababu. Mlimwalika Krismasi, mlimwalika siku ya kumbukumbu ya mgodi, akasema asante, akasema labda, hakuja. Mwaka wa tatu ikawa ana majivuno. Mwaka wa tano ikawa Bwana Mizani anaona sisi wa kula supu ya kodi ya taka hatufai kukaa naye. Kijiji hakimsamehe mtu anayekataa chakula chake, na mimi siwalaumu kwa hilo, hata mimi ukinikatalia keki yangu mara mbili, ya tatu hupewi.

Ralph ndiye aliyeumia kuliko wote. Wale watu walikuwa wametembea pamoja kwenda shule, wameteremka pamoja gizani, wamezika pamoja, na sasa mmoja yuko ndani na mwenzake hataki kuvuka kizingiti, tena hasemi kwa nini. Ralph alikwenda kumgongea mlango mara nyingi, mpaka siku moja akamwambia kwamba mlango wa ukumbi anaujua ulipo, hatakuja tena kumbembeleza kama bibi harusi, na tangu hapo walisalimiana kwa kuinua vidole vya mkono, kila mtu upande wake wa barabara.

Na ndani ya nyumba ile mambo yalikwenda kama shangazi alivyoogopa. Mimi naishi Darlington, nilikuja Jumapili moja moja, nikamkuta anatandika sahani moja, anawasha redio kwa ajili ya sauti za watu na si kwa ajili ya habari, na kila Jumatano, jirani yake wa kushoto aliniambia, alitoka mchana akakaa kwenye kiti cha kituo cha basi kinachotazamana na madirisha haya, basi likaja, akaliruhusu kwa mkono lipite. Alipenda kusikia vijiko, alikuja kuniambia. Bi Thelma, zile liki zilizokuwa zikiwekwa nyuma ya mlango wa jikoni lako kila vuli, ulizokuwa ukimshukuru Ralph naye akapokea shukrani, zilikuwa zake, kwa maana kutoa alikuwa hajakatazwa.

Nilimbana mwezi Agosti 2021, baada ya ule ugonjwa wa dunia nzima kupungua makali na chakula cha Jumatano kurudi. Nilimwambia kwamba mwaka mzima watu wamefungiwa ndani wakilia kwa upweke, na yeye mlango umefunguliwa anakaa ndani kwa hiari yake, hiyo ni dharau. Ndipo akaniambia yote, akiwa amesimama kwenye sinki akinipa mgongo. Alisema alitoa neno lake kwamba hatapata kitu. Nikamwambia supu inalipiwa, Mjomba, weka chako kwenye bakuli mlangoni kama wengine, ule, urudi, utakuwa umepata nini? Akasema, "Supu ningeilipia, mwanangu. Kukaa na watu ningekulipia nini?"

Niliipigia simu ofisi ya mfuko. Aliyepokea alikuwa binti mdogo kwa sauti, nilipomaliza akaniuliza jina la ukumbi, akaniomba nirudie, kisha akanieleza polepole kwamba sharti linamhusu mtu anayetoa ili apate kandarasi, au biashara yake inenepe, au awe na haki ambayo mwenzake hana, na kwamba kile kinachopatikana kwa kila mtu wa kijiji, awe ametoa au hakutoa, mjomba naye anaruhusiwa kukipata. Akaniambia, "Tafadhali mwambie aende leo." Mungu ambariki.

Nilirudi na habari hiyo kama mtu aliyebeba zawadi, nikamkuta anamenya viazi. Aliuliza kama nina uhakika, nikasema ninao. Akasema, "Leo ni Alhamisi, hakuna supu." Akaendelea kumenya, akaweka kisu chini, akasema, "Miaka kumi na minne, Lorna. Kwa hiyo haikuwa na kazi yoyote." Hapo ndipo nilipoelewa nilichomletea. Alikuwa ameuvumilia upweke ule kwa sababu aliamini ndiyo bei ya haki, kwamba kila Jumatano aliyokaa nje ilikuwa inaliweka paa hili mahali pake, na mimi nikaja na simu ya dakika tano kumwambia kwamba paa lingesimama vilevile hata angekuwa chini yake na kijiko mkononi. Kuingia sasa kulikuwa ni kukubali kwamba alikosea, na si kukosea kidogo, ni kukosea maisha yake ya uzee yote. Ilimchukua msimu mzima wa baridi.

Jumatano, tarehe 9 Machi 2022, alinipigia asubuhi kuniomba nimsindikize. Alivaa suti aliyonunuliwa na shangazi, akanyoa mara mbili, akaniuliza kama mtu huingia na kofia au bila kofia. Tulifika pale mlangoni, akausukuma mwenyewe, akasimama. Ninyi mlikuwa humu, labda watu arobaini, vijiko vikasita, na Ralph, akiwa kwenye meza ya karibu na piano, akapaza sauti, "Jamani inukeni, mfalme kashuka mlimani! Cuth, umekuja kutupima?" Mkacheka. Sikilizeni, kilikuwa ni kicheko cha watu waliofurahi kumwona, nilikisikia na masikio yangu, hakikuwa na sumu, ni utani wetu sisi watu wa huku ambao hatujui kumkaribisha mtu bila kwanza kumtia kidole jichoni. Lakini aliyesimama mlangoni alikuwa na miaka themanini na minne kasoro siku tano, na alikuwa amekuja akiwa na aibu tayari. Nilifungua mdomo kuwaambia, akanishika kiwiko. Akasema, "Nilikuwa naangalia tu kama paa linavuja," akaufunga mlango taratibu, bila kuubamiza.

Ndani ya gari alisema pamependeza, kwamba Norah angeipenda rangi ya kuta. Nilitaka kurudi niwaambie wote pale pale, akanikataza, akasema nikiwaambia watamshukuru, na shukrani nayo ni kitu. Nilikasirika, nikamwambia kwamba uaminifu wake huo sasa umekuwa ugonjwa. Akasema huenda. Alikula mkate na siagi siku ile, nami nikala naye, nikakaa hadi jioni, kisha ikabidi nirudi Darlington kwa sababu kesho yake kulikuwa na kazi.

Afya ya marehemu ilianza kuzorota mwezi Oktoba 2022, lile vumbi la mgodini lilipoamka kwenye mapafu, akawekewa mashine ya hewa nyumbani, akalazwa hospitali mara mbili, Januari na Juni mwaka huu, na tarehe 20 Oktoba akahamishiwa nyumba ya wagonjwa walio katika siku zao za mwisho kule bondeni. Huko alikuwa na kitanda karibu na dirisha na wagonjwa wenzake watatu, na manesi wameniambia kwamba hakutaka chakula chake kiletwe kitandani, alitaka asukumwe kwenye kiti hadi mezani wanakokula wengine, hata siku ambazo hakuweza kumeza. Wiki ya mwisho aliniambia kwamba akishaondoka niwaambie, kwa kuwa shukrani haitamkuta tena. Akaongeza, "Ila Ralph umwambie kwanza. Asiyasikie mbele za watu." Cuthbert Raine alifariki dunia asubuhi ya Ijumaa, tarehe 17 Novemba 2023, akiwa na umri wa miaka themanini na mitano.

Nilikwenda kwa Ralph Jumapili iliyofuata, nikamkuta bustanini kwenye mtaro wake wa liki, nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Alisikiliza hadi mwisho akiwa ameegemea koleo. Kwanza alisema, "Mimi nilidhani ananikwepa mimi." Kisha akakaa kwenye ukingo wa mtaro, na suruali ile ilikuwa safi, akasema, "Angeniambia tu. Ningemtolea kiti nje, nikakaa naye huko huko." Nilimuuliza kama yale ya mlangoni niyaache, nisiyasome leo. Amenitaka niyasome, na ndiye aliyebeba jeneza upande wa kulia mbele, akiwa na miaka themanini na mitano na goti bovu, na hakukubali kupokewa.

Familia, yaani mimi na binamu wa Kanada, inatoa shukrani kwa madaktari wa kifua wa hospitali walioongea na marehemu kwa sauti ya kawaida bila kumpigia kelele kama mtoto, kwa manesi wa nyumba ya wagonjwa ambao walimsogeza mezani kila siku aliyoomba, kwa jirani wa kushoto aliyeangalia kila asubuhi kama pazia limefunguliwa, kwa wafanyakazi wenzake wa dampo waliolileta gari la maua, kwa binti wa ofisi ya mfuko ambaye ameomba ruhusa kazini na yuko humu nasi, nyuma kule, kwa Bi Thelma na wenzake ambao wamepika tangu alfajiri, na kwa Ralph Coatsworth, ambaye shukrani yake nitampa kwa mkono.

Nina ombi moja kabla hatujaelekea makaburini. Bi Thelma ameniambia kwamba kamati, kwa heshima, imetenga kiti kitupu kwenye meza kubwa, pale dirishani, na imekubaliana kwamba kila Jumatano kiti hicho kiwe cha marehemu na asikikalie mtu. Nawashukuru kwa moyo wangu wote, najua mmekitenga kwa upendo, na nawaomba mkiondoe. Viti vitupu mjomba alikuwa navyo, vitatu, akavitazama kila mlo kwa miaka kumi na sita. Tukirudi kutoka makaburini, akae mtu pale, na asipopatikana mtu, tokeni nje mkatazame ng'ambo ya barabara, mkamlete.

Mjomba, leo umeingia, na wote tuko humu. Pumzika kwa amani.